Darasa Lililojifelisha

Mwalimu Aurelia hakuwahi kunipiga, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu wa ajabu kijijini kwetu. Alihamia Mandawa nikiwa darasa la tano, mwanamke mrefu mwenye pengo la jino la juu, Mkatoliki wa Nachingwea, na siku ya kwanza alituuliza kwa nini mkorosho unaweka mbegu yake nje ya tunda lake, bibo, wakati matunda mengine yanaficha mbegu ndani. Tukatazamana. Tulizaliwa kwenye mikorosho, tunakula korosho, tunavaa korosho, na hakuna aliyewahi kuliwaza jambo hilo. Akasema hata yeye hajui, kwa hiyo twende nyumbani tukaulize, na atakayepata jibu aje amfundishe.

Mimi nilirudi na majibu manne, yote nimeyatunga njiani. Aliyaandika yote ubaoni na jina langu pembeni, Biasha, kisha tukayapinga moja baada ya jingine mpaka kengele ikagongwa. Nilishindwa yote manne na nilitoka darasani nimevimba kichwa. Mpaka leo sijui mwalimu mwingine anayeweza kumshinda mtoto mara nne kwa asubuhi moja na mtoto akaenda nyumbani anaruka.

Watu wakiwakumbuka walimu wao husema, alinifungua macho, na leo mimi ni meneja, leo mimi ni daktari. Mimi nakaanga mihogo karibu na stendi ya Ruangwa. Macho alinifungua vizuri sana, sina la kumlaumu. Niliyafumba mwenyewe, na ninaeleza hapa nilivyoyafumba, maana nimechoka kuwasikia watu wakisema kwamba watoto wa kwetu vichwa ni vigumu.

Darasa la saba tulikuwa kumi na mmoja. Mwalimu Aurelia alitufundisha hesabu na sayansi, na alasiri, wenzetu wakishakwenda shamba, alitubakiza sisi tulioshika haraka akatupa maswali ya sekondari. Siku moja mama yangu, Mwanne, alikuja kunifuata shuleni kwa hasira maana kuni zilikuwa hazijaokotwa. Mwalimu akamwamkia vizuri, akamwambia mbele yangu kwamba huyu akiendelea hivi, siku moja atanifundisha mimi. Mama alicheka kwa adabu. Njiani hakusema neno, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amefurahi.

Sasa lazima mjue kilichotokea mwaka uliotangulia. Watoto watatu wa kijiji walifaulu wakachaguliwa kwenda sekondari, na wazazi wao hawakuwapeleka. Shule ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, na ukitaka mtoto akae karibu nayo unatafuta chumba, godoro na unga wa mwezi mzima. Mgambo wakaja. Wakawachukua baba wawili na mjomba mmoja, wakalala mahabusu siku tano, na mmoja wao alirudi akikohoa na hakupona tena. Hakuna mkutano ulioitishwa baada ya hapo wala hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba. Lakini kila nyumba, kivyake, ilifikia uamuzi mmoja. Mtoto akifaulu halafu asiende, mzazi ana kesi. Mtoto asipofaulu, hakuna wa kumuuliza mtu kitu.

Mama aliniambia wiki moja kabla ya mtihani, tukiwa tunafagia chini ya mikorosho.

"Ukifaulu, baba yako anafungwa," alisema. "Andika uongo. Ukweli unaujua, basi na uongo utaujua."

Nikamuuliza kama ni maswali yote. Akasema yote, nisiache hata moja likaniponyoka. Hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa, na mama yangu akiogopa husema polepole sana. Baba alikuwa na pumu. Nilimwona kichwani akiwa amelala kwenye saruji ya mahabusu, nikasema sawa mama, tukaendelea kufagia.

Asubuhi ya mtihani nilimtazama Hadija, rafiki yangu, naye akaangalia chini. Nikamtazama Imrani, akajifanya anachonga penseli. Hapo nikajua kwamba siko peke yangu. Tulikuwa tumeambiwa kumi kati ya kumi na mmoja. Asiyeambiwa ni Amedeus, mtoto wa mjane mmoja Mkatoliki aliyetaka mwanawe asome hata kama yeye atakula mizizi. Amedeus alikaa dawati la mwisho na hesabu za sehemu zilimsumbua. Alasiri tulipobaki na maswali yetu makubwa, yeye naye alikuwa akibaki bila kuitwa, na mwalimu alikuwa akimwambia asubiri kidogo, nitakuja kwako. Mara nyingi jua lilizama hajafika kwake.

Mtihani ulikuwa wa kuchagua herufi na kusiliba kisanduku chake kwa penseli. Asiyejua kitu akisiliba ovyo, bahati itampatia matano, sita. Mimi sikutaka bahati iniharibie kazi. Kila swali nililifanya kwanza kichwani mpaka nikapata jibu la kweli, nikahakikisha, halafu nikasiliba la jirani yake. Hesabu nilimaliza mapema nikarudia tena, kuangalia kama kuna jibu sahihi lililonipita. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama siku zile mbili.

Wasimamizi walikuwa wageni, na mwalimu wetu hakuruhusiwa kusogea. Alikaa kwenye baraza ya ofisi tangu asubuhi. Tulipotoka alitutazama usoni mmoja mmoja, akaniuliza vipi. Nikamwambia ulikuwa rahisi, mwalimu. Akashika kifua kwa furaha. Nyuma yangu Amedeus alikuwa analia kwa sababu muda ulimwishia.

Matokeo yalipotoka, shule yetu ilikuwa haina aliyefaulu hata mmoja. Kijiji kilipumua. Kilichofuata hatukukitegemea. Miaka ile shule zilipangwa kwa matokeo, ya kwanza ikipewa kikombe na ya mwisho ikipewa kinyago. Mwezi wa pili akaja mkubwa mmoja na gari, wazazi wakaitwa uwanjani, na kikatolewa kwenye gunia kinyago cha mti mweusi, mtu mwenye masikio makubwa na mdomo wazi. Mwalimu mkuu alikuwa ameaga kwamba anaumwa, kwa hiyo akaitwa mwalimu wa hesabu. Mkubwa akamkabidhi, akamwambia akiinue juu wazazi wakione, wajue anayewaharibia watoto wao.

Akakiinua. Kilikuwa kizito. Mkubwa akasema tumpigie makofi mwalimu wetu, na wazazi wakapiga, wale wale waliotuambia tuandike uongo. Wengine walicheka. Mama yangu alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake na kanga mpya, nimetoka kuchezwa unyago, tayari nimeposwa. Mwalimu Aurelia alinitafuta kwa macho katika ule umati akaniona. Na mimi nikapiga.

Muhula ulipoisha aliomba uhamisho akaenda Mkotokuyana, na sikumwona tena kwa miaka kumi na miwili. Mimi niliolewa, nikazaa, nikaachwa, nikahamia Ruangwa mjini. Sikuwa na ndoa ya kusimulia. Nilikuwa na kikaango changu na wateja wangu, na wakati mwingine gari za mchana zikichelewa nilijipa hesabu kichwani, maswali yale yale, nikayajibu sawasawa na hakuna aliyekuwa anasahihisha.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Hadija alinipigia simu. Alikuwa amekwenda Nachingwea kumwona mwalimu nyumbani kwa mdogo wake, amerudishwa kutoka hospitali, kansa ya kizazi, na waliomrudisha wamesema wampe tu anachotaka kula. Hadija alisema mwalimu alikuwa anaulizia lile darasa. Mwalimu alilia akamwomba msamaha kwamba hakutufundisha vizuri. Nikamuuliza Hadija alimjibu nini. Akasema alimjibu yamepita hayo, mwalimu, akampa machungwa akaondoka.

Nilikasirika mpaka mafuta yakaungua. Kumi na miwili! Miaka kumi na miwili mtu anabeba kosa letu, anakwenda nalo kaburini, na sisi tunampa machungwa. Nikaamua nitakwenda nimwambie kabla hajafa. Nilimpigia mama kumweleza, maana jambo lilikuwa lake pia. Akasema polepole kwamba mgonjwa haongezewi maneno, na kwamba baba yangu alikufa nyumbani kwake, kitandani kwake, si mahabusu, na hilo nisilisahau. Sikuwa nimelisahau. Kesho yake nikapanda gari la Nachingwea.

Nyumba ilikuwa nyuma ya uwanja wa ndege, yenye ua wa mabati. Mdogo wake anaitwa Lusiana, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia, akanipokea vizuri na kunipa kiti, akaniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikasema mwanafunzi wake wa Mandawa. Akatikisa kichwa, akasema mwanangu, hao wa Mandawa ndio anaowalilia, nenda lakini usikae sana.

Kitanda kilikuwa karibu na dirisha. Aliyelala pale alikuwa nusu ya Mwalimu Aurelia niliyemjua, ila pengo la jino lilikuwa lile lile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sauti hii ya nani?"

Nikamwambia Biasha. Akajaribu kujiinua akashindwa, akanipa mkono, na kabla sijafungua mdomo alianza yeye. Alisema kwamba alinikosea mimi kuliko wote. Alisema alinivimbisha kichwa kwa maswali makubwa akaacha ya kawaida, na mtihani ulipokuja na ya kawaida nikaanguka. Ameliwaza hili miaka yote na ana hakika ndivyo ilivyokuwa. Alikwisha kuungama kwa padri. Alipofika Mkotokuyana aliomba apewe darasa la kwanza, na walipomtaka arudi kwenye hesabu za darasa la saba akakataa, kila mwaka, mpaka alipougua. Alisema huko kwa wadogo mtu hawezi kuharibu sana.

Nilikuwa nimepanga maneno kwenye gari. Yote yalinitoka. Nilimwambia tu kama ilivyokuwa, mama na mikorosho, Hadija na Imrani na penseli, jinsi nilivyotafuta jibu la kweli kwanza halafu nikaliacha. Nilimwambia hakuna alichoharibu. Nilikuwa nalia, na mimi si mtu wa kulia, lakini moyoni nilijisikia mwepesi kabisa, na ule wepesi ndio unaonitia aibu hadi leo.

Lusiana aliingia na uji, akatutazama, akatoka nao.

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua," alisema mwalimu.

"Tulikuwa tunajua, mwalimu."

"Hesabu ulikosa ngapi?"

"Zote."

Akafumba macho. Nikadhani atatabasamu, maana nilikuwa nimemletea habari njema, au ndivyo nilivyodhani. Machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Nilikuwa nimeshazoea," alisema. "Miaka kumi na miwili nimewakimbia watoto wa watu ili nisiwaharibu. Sasa unaniambia nilikuwa mwalimu. Nitaufanyia nini ualimu huo hapa kitandani?"

Nilikuja kujitua mzigo wangu, nikawa nimemtwisha mtu asiyeweza hata kugeuka. Nilitaka kusema nisamehe nikaona ni neno dogo, nikabaki nimeshika mkono wake. Nje walikuwa wanapita watu na baiskeli.

Kisha akaanza kutaja majina. Alitaja kwa mpangilio wa madawati, mstari wa mbele kuja nyuma, bila kukosea, na kwa kila jina alinyamaza anisikilize. Hadija. Nikasema aliambiwa na shangazi yake. Imrani. Aliambiwa. Kaimu. Mwalimu, huyo aliambiwa na baba yake, na alipigwa kwanza. Dafrosa. Shehe. Akaenda hivyo, na kwa kila mmoja aliongeza neno, huyu alikuwa na jiometri nzuri, huyu mwandiko, huyu alikuwa na maswali kuliko mimi mwalimu wake. Aliwakumbuka wote, na wote nilimwambia vile vile, kwamba walijifelisha. Niliona uso wake unabadilika. Hasira ilikuwa inapanda, halafu kitu kingine ambacho si hasira. Tukafika dawati la mwisho.

"Amedeus?"

Ningeweza kudanganya hapo, na labda ingefaa. Lakini nilikuwa katika kusema kweli na breki zilikuwa hazishiki.

"Amedeus hakuambiwa, mwalimu. Alikosa mwenyewe. Alilia."

Akafumbua macho vizuri, kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Basi huyo ndiye wangu," alisema. "Nyinyi hamkuwa na shida na mimi. Huyo ndiye niliyemwambia asubiri." Akapumzika kidogo. "Sehemu. Hakuelewa kwamba namba ya chini ikiwa kubwa kipande kinakuwa kidogo. Ni jambo la nusu saa. Yuko wapi siku hizi?"

Amedeus alikuwa kaburini. Mwaka juzi, mvua za Machi, shimo la dhahabu alilokuwa akichimba na wenzake huko vilimani Ruangwa lilimfukia yeye na wengine wawili, na walimtoa siku ya pili. Nilikuwepo kwenye mazishi. Mama yake alikuwa anasema maneno yale yale, kwamba mwanangu angekwenda sekondari asingeshika sururu. Yote hayo yalikuja mpaka kwenye ulimi wangu. Nikamtazama yule mwanamke, macho yamemwaka, mkono wake unanibana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Yupo, mwalimu," nikasema. "Analima Malolo."

"Mlete."

"Nitamleta."

"Jumamosi," alisema. "Asubuhi huwa na nafuu. Aje na daftari."

Nikasema sawa. Nilipoinuka alikuwa tayari anamwita Lusiana amtafutie kalamu, na Lusiana alinisindikiza hadi barabarani akinishukuru, akisema hajamwona dada yake anataka kitu tangu arudi hospitali. Nilipanda gari la Ruangwa. Nikajiambia kwamba Jumamosi ni mbali, kwamba hali yake haiwezi kufika huko, na hesabu hiyo niliifanya kwa uangalifu kama nilivyozoea.

Alikufa Jumapili. Tulikwenda kuzika wengi, wa Mkotokuyana na wa Mandawa, magari mawili. Hadija alikuja, na mama alikuja akakaa nyuma kabisa mtandio umemfunika uso. Padri alisema marehemu alipenda watoto wadogo na ndiyo maana alichagua darasa la kwanza. Kijana mmoja aliyefundishwa naye kusoma alisimama akasema alimfungua macho. Nilisikiliza hayo yote nimeinamisha kichwa na sikuinua mkono kusema neno.

Baada ya mazishi, tukiwa kwenye mikeka, Lusiana alikuja kukaa karibu nami. Hakuwa analia, alikuwa amechoka tu. Aliniambia Jumamosi ile mgonjwa aliamka kabla ya watu wote akataka aogeshwe. Akavalishwa gauni la kazini, likawa linampwaya, akainuliwa na mito mitatu nyuma ya mgongo. Aliomba ubao, wakamletea kifuniko cha ndoo na kipande cha mkaa, akachora chapati na kuikata sehemu nne, halafu nane. Walipotaka kumlaza saa sita alikataa. Saa tisa alikataa. Kila pikipiki ikipita alikuwa anauliza ni nani. Alikaa hivyo mpaka magharibi, akiumwa, na alipolazwa hakusema tena neno lolote mpaka alipokata roho.

"Alikuwa anamsubiri mtu anaitwa Amedeus," Lusiana alisema. "Wewe unamjua? Mbona hakuja?"

Kweli moja nilikwisha kuisema katika nyumba ile. Nikamwambia mvua zimekata barabara ya Malolo.